Maziwa Yasiyo na Macho

Dada yangu Elodie alimnyonyesha mtoto wake siku tisa tu. Siku ya kumi tulimzika dada, kule nyuma ya kambi ya Dzaleka, kwenye udongo mwekundu wenye mawe, na jioni ile wamama wa kanisa wakanilazia mtoto mapajani wakasema, "Arlène, sasa we njo mama yake." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtoto anaitwa Dévote. Alinitafuta kifuani na mdomo wazi, akanyonya blauzi yangu mpaka ikalowa, halafu akalia kwa hasira, kama mtu aliyedanganywa.

Niseme kwanza habari ya mimi na maziwa, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilifanya nilivyofanya. Sisi watu wa mashamba ya Fizi, kule Kongo, tumekulia muhogo, mawese na samaki wa ndagala. Ng'ombe tuliwaona kwa mbali, mlimani. Maziwa kwetu si kinywaji. Ni kitu kilichotoka ndani ya mnyama, bado kina joto la mwili wake, kinanuka ngozi na mkojo. Vita ya pili ilipotufukuza, mwaka wa tisini na nane, nilivuka ziwa, nikapita Kigoma, nikapita Mbeya, nikaingia Malawi kwa Karonga, na njiani nilikula vitu ambavyo sitavitaja hapa. Lakini maziwa sikuyaonja. Nikisikia tu harufu yake, tumbo linapanda mpaka shingoni.

Sasa nikapewa mtoto anayetaka maziwa mara nane kwa siku.

Jirani yetu, Mama Vénérande, Mrundi wa watu wafugaji, ndiye aliyenionyesha. Alimsimamisha mzee mmoja Mmalawi ambaye kila asubuhi alipita na baiskeli na ndoo nyeupe yenye kifuniko, akapatana naye aniachie kikombe kikubwa kila siku. Nilipotazama ndani ya kile kikombe nikaona unywele mfupi, mwekundu, unaelea. Nikageuka nikatapika kwenye majivu.

"Yebaba we!" akasema Mama Vénérande. "Unatapikia jiko? Toa unywele, chemsha, ongeza maji kidogo na sukari. Mutoto hawezi kungoja mpaka we uzoee."

"Mama, inanuka."

"Inanuka nini? Inanuka ng'ombe. Ulitaka inuke parfum?"

Nikachemsha. Yakapanda, yakafanya ngozi juu. Sijui kama umewahi kuiangalia ile ngozi kwa karibu. Ni ya njano, ina mikunjo, ukiigusa na kijiko inakuja yote pamoja na inaning'inia kama kamasi ya mtu mwenye mafua. Na chini yake kuna macho: matone ya mafuta, makubwa na madogo, yanazunguka juu ya maziwa yananitazama. Nilichuja kwa kitambaa, na ile ngozi nikaifukia nyuma ya nyumba. Mama Vénérande aliponikuta alishika kichwa.

"Unazika siagi ya mutoto?"

"Iliingia nzi, mama."

Kesho yake nilizika tena, ila mbali kidogo.

Hata hivyo Dévote akaanza kujaa. Yale macho mengine yalipita kwenye kitambaa, nafikiri, maana mashavu yalikuja, na pale kwenye mkono, kati ya kiganja na kiwiko, pakatokea mkunjo kama amefungwa uzi. Kliniki walipompima walichora alama kwenye karatasi yake, alama ikapanda. Mimi nilikuwa nanuka. Akicheua, inaingia shingoni kwangu, inakauka, inakuwa chachu. Nilisugua shingo na majivu, nikasugua na majani ya mlimau, na kanisani nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango ili watu wasijue ni nani anayenuka. Usiku nilipolala nilijisikia kama kibuyu ambacho mtu amesahau kukiosha.

Mtoto alipofika miezi mitatu, baba yake akaja kutoka Lilongwe.

Shemeji Zihindula ni mtu wa mjini Bukavu. Alisoma mpaka karibu amalize sekondari, na kwetu sisi wa Fizi hilo halikuwa jambo dogo. Yaya Elodie, dada yangu, alimpenda kwanza kwa ajili ya Kifaransa chake. Alikuwa fundi cherehani kule mtaa wa Area 36, na Jumamosi alipopata nafasi alikuja Dzaleka kufundisha kwaya. Kanisa moja kubwa kule City Centre lilimpa kazi ya kushona mapazia na kanzu, na alipomaliza walimpeleka kwenye ghala lao la vitu vya msaada wakamwambia achague makopo ya maziwa ya unga. Akaja nayo kwenye mfuko, kumi na mawili, mazito, yenye karatasi ya bluu.

Alinikuta nachuja. Akasimama mbali, akaziba pua kwa kidole kimoja.

"Shemeji, hii harufu iko mupaka barabarani."

"Ni maziwa ya mtoto, shemeji."

"Toka leo mutoto yangu hatakunywa tena maziwa yenye manyoya." Akaweka kopo moja kwenye kigoda, akaligeuza ili maandishi yanitazame. "Kulikuwa aina mbili. Ya mwekundu na ya bluu. Bengine bote balikuwa banakimbilia mwekundu. Mi nikasoma kwanza. Ile ya mwekundu imeandikwa *entier*. Entier maana yake nini? Nzima. Maziwa tu, vile iko, habakuongeza kitu. Hii sasa. Soma."

Nilisoma primaire mpaka la sita. Kusoma najua. Nikasoma polepole: *lait écrémé*.

"Sucré, iko na nini?"

"Sukari."

"Salé?"

"Chumvi."

"Beurré?"

"Siagi."

"Basi écrémé?"

"Crème," nikasema.

"Njo hivyo!" Akapiga mikono. "Maziwa yenye baliongeza crème, mafuta ya juu. Umeona masomo inasaidia? Wale bajinga babaki na entier yao."

Mama Vénérande alikuwa amekuja kuazima moto. Alichukua ule unga kidogo akakoroga kwenye kikombe, akainua juani, akatazama pembeni mwa kikombe. Akaonja. Akatema, siyo kwa dharau, ni vile mtu anatema kitu alichokitambua.

"Hii ni amacunda," akasema. "Maziwa ikishapigwa, siagi ikatoka, yenye inabaki njo tunaita amacunda. Banakunywa bantu bakubwa benye kiu. Ikibaki, banapea imbwa."

"Mama," shemeji akasema akicheka, "we ulisomea wapi? Kwa ng'ombe?"

"Ego, ndiyo, kwa ng'ombe. Ng'ombe hakunidanganya hata siku moja."

"Imeandikwa, mama. I-me-a-ndi-kwa."

Mimi sikuuliza swali. Mimi ambaye watu wananisema naangalia mno, nikimwangalia mtu anajishika nguo kuona kama imechanika. Siku ile sikutaka kuona. Nilinusa kile kikombe na hakikunuka kitu. Kilikuwa cheupe, cheupe cha karibu na bluu, kama maji ya mwisho ya kusuuza shuka. Nikapeleka karibu na midomo yangu, tumbo likatulia mahali pake. Nilifurahi hata nikataka kulia. Kesho yake mzee wa baiskeli alipopiga kengele nikatoka nikamwambia, "Zikomo, bambo, basi," asante baba, yatosha, na yeye akaenda.

Wiki ya kwanza nilikuwa nalala vizuri. Nguo zangu zilinuka sabuni. Nikarudi kukaa benchi la tatu.

Dévote alikunywa. Huwezi kusema alikataa. Alikunywa kuliko zamani, kikombe chote, na kabla sijaweka kikombe chini anadai tena. Nikawa nampa mara tisa, mara kumi. Tumbo lake lilijaa maji likawa linalia ukimwinua, na kinyesi kwenye nepi zake kilikuwa chepesi, cha kijani, chenye povu. Nilizisafisha na mikono hii. Harufu yake haikuwa ya maziwa. Ilikuwa kama ya chuma kilicholowa. Nikasema ni meno. Watu wote wanasema ni meno.

Kliniki wakampima. Ile alama ikateremka kidogo. Nesi, Mmalawi mpole mwenye miwani, akaniuliza:

"Mukumupatsa mkaka wanji?"

Ananiuliza nampa maziwa gani. Nikajibu kwa Kichewa changu cha kisimani, "Wa cream."

"Full cream?"

"Eeh. Ya cream."

"Chabwino," akasema, yaani sawa, akaandika. Akatafuta malaria, hakuna. Akanipa dawa ya minyoo na dawa ya kuharisha. Na angefanya nini? Mimi nilimwambia mtoto anakula mafuta.

Mwezi mwingine alama ikashuka tena, na safari hii nesi hakusema chabwino, alimgeuza mtoto, akamshika paja. Nyama ya paja ilikuja kwenye vidole vyake ikabaki imesimama, haikurudi. Mashavu yalikuwa yamekwenda. Uso wa Dévote ulikuwa uso wa bibi kizee anayenijua mabaya yangu. Nyuma, pale chini ya mgongo, ngozi ilining'inia mikunjo mikunjo, kama kaptula ya mtu mkubwa iliyovaliwa na mtoto.

Siku ile nilirudi nyumbani na dawa nyingine ya kuharisha, nikaosha kikombe chake. Nilikimiminia maji baridi, bila sabuni, nikakigeuza. Kikawa kisafi.

Nikasimama na kile kikombe mkononi.

Sufuria ya mawese huwezi kuiosha kwa maji baridi. Sahani ya samaki, hata ndagala wadogo, inabaki na utelezi. Kile kikombe cha zamani, cha maziwa ya mzee wa baiskeli, nilikuwa nakisugua na mchanga mpaka vidole vinauma na bado kinateleza. Ndicho kilichokuwa kinanichefua. Na hiki cha crème, kilichoongezwa mafuta juu ya mafuta, kinakwisha kwa maji baridi?

Nikaenda kwa Mama Vénérande bila kumsalimu.

"Mama, tuseme ule unga ni amacunda kweli. Tutajuaje?"

Hakunicheka. Alinunua kidogo kwa yule mzee, akachemsha kwenye sufuria moja, mimi nikachemsha ya unga kwenye nyingine, tukaziweka chini zikapoa. Ya mzee ikafunga ngozi ya njano, na macho yakatokea, yakajaa, yanazunguka. Ya unga ikafanya kijikaratasi cheupe, kikavu, na chini yake hakuna kitu. Nilitikisa sufuria. Nikaiweka juani. Hakuna jicho hata moja. Ilikuwa kipofu.

"Chovya kidole," akasema Mama Vénérande. "Huku na huku."

Kwenye ya unga, kidole kilikauka mara moja. Kwenye ya mzee kiliteleza, kikang'aa, na harufu ikanipanda puani, ng'ombe mzima na mkia wake. Nikashika tumbo. Lakini safari hii kichefuchefu hakikutoka kwenye sufuria. Kilitoka kwangu. Nilikuwa nimenusa maji nikayapenda kwa sababu hayanuki, na mtoto amekuwa akiyanywa miezi miwili. Na kabla ya hapo nilikuwa nazika siagi yake kwa mikono yangu nyuma ya nyumba, bila kopo wala Kifaransa.

Asubuhi nilimfunga Dévote mgongoni. Alikuwa mwepesi hata nilirudisha mkono mara mbili kuhakikisha kama yupo. Nikachukua kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kubwa, nikapata gari ya kwenda Lilongwe, nikamkuta shemeji Area 36 kwenye kibaraza cha duka, anashona suruali. Nikamwambia yote. Kikombe, sufuria, macho.

"Macho gani, Arlène? Maziwa iko na macho?"

"Twende kule ghalani. Tuulize wenye kuyatoa."

"Niende niulize ile kitu nimesoma mwenyewe? Batasema nini? Bale babaki na entier bataniangalia namna gani?"

 Nilimshusha mtoto mgongoni, nikamweka juu ya ile suruali, mbele ya cherehani, na kumfunua. Shemeji alikuwa hajamwona wiki tano. Alitazama halafu akatazama upande, na akavuta suruali polepole kutoka chini ya mtoto, kama mtoto ataichafua. Ule mkono uliovuta suruali sitausahau. Lakini alivaa koti.

Kwenye ghala alikuwapo mama mmoja Mmalawi, mnene, mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alipomwona Dévote aliacha kuhesabu magunia. Shemeji akaanza kusema naye Kiingereza kidogo, akionyesha kopo la bluu nililolibeba. Yule mama akalichukua, akanitazama mimi, akaanza kueleza kwa Kichewa, haraka, akisugua kidole gumba na cha kando.

"Anasema nini?" nikauliza.

Shemeji akakohoa. "Anasema maziwa ni nzuri. Mafuta iko mingi ndani. Anasema labda mutoto iko na minyoo."

Yule mama alikuwa bado anasema. Na neno moja lilikuwa linarudi, neno ambalo halikuhitaji mtu wa kulitafsiri, maana la kwao na la kwetu ni moja: mafuta. Na kila baada ya mafuta, mulibe. Mafuta mulibe. Mulibe nalijua. Kila mwanamke wa Dzaleka analijua. Ukifika bombani umechelewa wanakuambia *madzi mulibe*, ukirudi na ndoo tupu unalibeba hilo neno kichwani mpaka nyumbani. Humo hamna.

"Shemeji," nikasema, "mulibe najua."

 Jasho likamtoka juu ya mdomo, matone madogo madogo.

Nikamgeukia yule mama mwenyewe, na Kichewa changu kilichovunjika, na vidole. Akanielewa. Alichukua makopo matatu tupu kwenye pipa la taka akayapanga chini kama mchezo wa watoto. Hili jekundu: mafuta yote yamo, vile ng'ombe alivyotoa. Hili la kijani: nusu wametoa. Hili la bluu: wametoa yote, wameenda kufanya siagi, yenye inabaki wanaikausha. Nikamuuliza, sasa nani anakunywa hili? Akacheka kidogo, kwa aibu, akajipiga tumbo lake. Watu wa nyumba kubwa, akasema. Wenye mwili kama wangu. Wanakunywa ili wapungue.

Ili wapungue. Nililisikia hilo neno likishuka ndani yangu kama kitu kilichooza. Mahali fulani kuna watu wamekula mpaka mafuta yamewachosha, wanalipa watu wengine wawatolee mafuta kwenye maziwa, na sisi tumeyachukua yale maji yao tukamnywesha mtoto aliyetoka kuzika mama yake, mara kumi kwa siku, tukishukuru.

Mekundu yalikuwa yamekwisha zamani. Yule mama akasema nisingoje makopo, nimrudishe mtoto kliniki leo leo, na nimwambie nesi ukweli kuhusu maziwa, maana dawa yake inategemea hapo.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, shemeji akanishika kiwiko.

"Arlène. Kule kliniki, sema tu maziwa iliisha. Sema ulichanganya maji mingi."

"Mi?"

"We ni mutoto wa shamba, hakuna mutu atakushangaa. Mi nafundisha batoto ya kanisa Kifaransa. Nikisikilikana... Utanivua nguo mbele ya bantu, Arlène."

Nilimtazama. Alikuwa amechana nywele vizuri, ana kalamu mfukoni. Mate yakanijaa mdomoni, yale ya chumvi yanayotangulia kutapika.

"Mwenye kuvuliwa nguo ni huyu," nikamwambia. "Muangalie matako yake."

Nilimwambia nesi ukweli wote. Nilimtajia neno herufi kwa herufi, nikamwambia nani alilisoma, nikamwambia na ile ngozi niliyozika. Alivua miwani. Hakunigombeza, alifuta "full cream" kwenye karatasi kwa mistari miwili, akaandika kitu kingine, akatutafutia gari siku ile ile mpaka hospitali, kwenye chumba cha watoto waliokonda.

Chumba kile kilinuka nepi, dawa na maziwa. Vitanda ishirini, na kila kitanda uso wa bibi kizee. Asubuhi ya kwanza muuguzi aliniita jikoni niangalie wanavyokoroga, maana walezi ndio husaidia, na pale pembeni mwa meza niliona gunia. Nikasoma. Chini ya Kiingereza kulikuwa na Kifaransa, herufi kubwa: *lait écrémé*.

 Nikamkumbatia Dévote nikaenda mlangoni.

"Mama, mama, njoo," muuguzi akasema. Akanishika bega. Akapima unga, akapima sukari, akainua dumu, akamimina mafuta ya kupikia, kikombe, tena kikombe, mazito, ya njano, yakaanguka kwenye ule weupe yakapasuka vipande. Mafuta yaliyotolewa kule, yanarudishwa hapa, kwa kipimo. Halafu akanipa mwiko. "Ukiacha kukoroga yanapanda juu," akasema. "Atakayepewa kwanza atapata mafuta tu, wa mwisho maji tu. Koroga mpaka mwisho."

Ilikuwa chukizo. Unga usionuka kitu, sasa unanuka dumu. Utelezi kwenye mwiko, kwenye vidole, kwenye ukingo wa jagi. Nilikoroga nimefunga pua kwa ndani, vile nilivyojifunza. Dévote alipewa kidogo kidogo, kila baada ya masaa mawili, kijiko kwa kijiko. Siku nne hakubadilika. Siku ya tano alinitazama kama mtoto. Wiki ya pili walimweka kwenye mizani, na muuguzi akaniinulia vidole vitatu: ameongeza gramu mia tatu.

Jumapili ile shemeji alikuja na watu wanne wa kwaya. Walisimama mlangoni pa jiko, wamevaa kanzu alizozishona, mmoja wao akiwa Godelive, mwenye mtoto wa miezi miwili mgongoni. Mimi nilikuwa zamu ya kukoroga. Shemeji alimsifu Mungu kwa sauti, na alipokuwa anasifu macho yake yakatua kwenye gunia.

Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Soma!" akawaambia. "Godelive, soma pale! Écrémé! Njo ile ile! Hospitali nzima, baganga benye masomo, banapea batoto nini? Écrémé! Si niliwaambia? Ni ile mutoto ilikuwa na minyoo tu." Akacheka, akajifuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, hapo ndipo nilipochukizwa zaidi. "Crème iko ndani. Mi nilisoma vizuri."

"Ah, Monsieur Zihindula," akasema Godelive, "na mi maziwa yangu ni kidogo, huyu analia tu. Ulibakiwa na makopo?"

"Iko tano pale nyumbani. Zote ni zako, mama. Nitakuletea Jumamosi."

Nilikuwa nimenyamaza miezi mingi. Watu walinijua hivyo, na kunyamaza kwangu kulikuwa kumewafaa wengi, hata mimi.

"Godelive," nikasema bila kugeuka, "hayo ni maziwa ya kukondesha."

"Shemeji!" akapaza sauti Zihindula.

"Yalitolewa mafuta yote. Hapa wanayarudishia, dumu lile pale, liangalie. Écrémé maana yake crème wameitoa. Shemeji alisoma vibaya, na mi nikamkubali kwa sababu hayanuki. Ukimpa mtoto wako hayo makopo, utaleta godoro lako hapa, kitanda cha pembeni ya mlango kiko wazi tangu jana. Uliza kwa nini kiko wazi."

 Godelive aliweka mkono nyuma, chini ya mtoto wake, akampandisha juu mgongoni. Wale wengine walitazama sakafu.  Shemeji Zihindula akageuka akatoka, na kanzu yake ilishika kitasa ikachanika kwenye mshono, lakini hakurudi kuiangalia.

"Anyonyeshwe tu," nikamwambia Godelive. "Hata kama ni kidogo. Hiyo yako haijasomwa na mtu."

Aliguna, karibu acheke. Nyuma yake chumbani Dévote alianza kulia, ile sauti yake mpya, ya mtu anayedai, na muuguzi akaita saa imefika. Nikatazama ndani ya jagi. Kwa vile nilikuwa nimesema maneno mengi, mkono ulikuwa umesimama, na mafuta yalikuwa yameanza kupanda. Nikakoroga kwanza, mpaka chini, ndipo nikamchotea.